Kava Lisiloazimika

Nyumbani kwetu Kilwa Masoko kulikuwa na kanda moja ya taarabu ambayo naikumbuka kwa kava lake kuliko kwa nyimbo zake. Haikuwa na picha. Mjomba alikata karatasi ya daftari, akaikunja ikaenea ndani ya kasha, akaandika kwa peni ya bluu: “Taarabu ya redio. Usifute.” Neno la mwisho alilipigia mistari miwili.

Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, kava la picha tunalolijua leo lilikuwa bado. Kwa kawaida santuri ziliuzwa ndani ya bahasha za karatasi, zenye tundu katikati ili jina lisomeke. Ni mwaka 1940 ndipo Alex Steinweiss, mchoraji wa kampuni ya Columbia huko Marekani, alipoanza kuzivalisha santuri picha zilizobuniwa kwa ajili yake.

Kipimo changu cha kava zuri ni kimoja: je, laweza kuazimwa na albamu nyingine? The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, haina hata jina la bendi mbele. Ni weusi, mwale mweupe, kioo cha pembetatu na rangi zinazotoka upande wa pili. Ukimpa mwanamuziki mwingine kava hilo, kila mtu atajua ameiba.

Sasa tazama makava mengi yanayouza muziki wa pwani yetu: jahazi, mnazi, jua linazama. Yanapendeza, ila yanaazimika. Sisi wa Kilwa tunajua kwamba jahazi lina jina, lina nahodha, lina kiraka kwenye tanga. Jahazi la kwenye kava halina hata kimoja, ndiyo maana linamfaa kila mwimbaji na halimkumbushi mtu yeyote. Mchoraji angetuonyesha kile kiraka tu, tungesimama kutazama.

Mjomba alifariki nikiwa chuo. Mwaka jana binamu yangu alihamishia nyimbo zile kwenye simu, na programu ikaziwekea alama ya noti ya muziki, ileile inayoweka kwa kila wimbo usio na kava. Nikaipiga picha ile karatasi, nikaiweka mahali pake. Kwenye kioo cha simu haizidi ukucha wa kidole gumba. Jina la taarabu halisomeki tena, lakini ile mistari miwili bado inaonekana.