Mafundi wa Kukunja Karatasi

Kazi ya kukunja huanza mashine ya chapa ikishanyamaza. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja. Mkunjo ukizifuata hutulia, ukizikata hupasuka na wino kubanduka. Fundi huchana kipande kwanza: kinakochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zilikoelekea.

Karatasi nzito, kuanzia takriban gramu 170 kwa mita ya mraba, hutiwa mfereji kabla ya kukunjwa. Ukingo butu wa chuma huigandamiza, na upande wa pili huinuka kituta chembamba. Kituta hicho lazima kibaki ndani ya mkunjo. Kikiachwa nje, kadi ya harusi hupasuka mgongoni.

Laha ikikunjwa mara 3 hutoa kurasa 16, na kosa la milimita 1 katika mkunjo wa kwanza hufuata hadi wa mwisho. Kwa hiyo fundi husimamisha mashine ya kukunja, huinua laha kwenye mwanga, hulinganisha namba za kurasa, hurekebisha, huanza upya. Hakuna msomaji anayeiona kazi hii, ila kila mwanafunzi anayekuta ukurasa wa 9 baada ya wa 8 anamtegemea fundi huyo.

Kuchagua mashine nako kwataka ujuzi: ya rola na mifuko hukimbia na karatasi nyepesi, ya kisu huzimudu laha nzito.