Ile H ya "Hatakuja"

Juzi msibani Ngarenaro kijana alikuwa akilisifia shimesikio jipya la babu yake, kile kifaa cha kumsaidia kusikia: "Kelele zote limekata!" Watu wakaafiki. Mimi nilikuwa namtazama babu. Macho yake hayakubanduka kwenye midomo ya watu. Kifaa kinachokata kelele pamoja na maneno ni kibovu, hata kiwe na chaneli 16.

Usilijaribu shimesikio chumbani. Feni na mashine ya kusaga ni mtihani wa chekechea: mngurumo wake haubadiliki, chipu inautambua mara moja. Nenda soko la Kilombero asubuhi. Pale kelele yenyewe ni maneno ya watu, na kinachookoa ni maikrofoni mbili zinazoegemea sauti ya mbele. Lenye maikrofoni moja mimi silinunui.

Sikiliza mapengo baina ya maneno. Mbinu aliyoichapisha Steven Boll mwaka 1979, ya kukadiria kelele na kuitoa kwenye sauti, huacha masalia yanayolia kama vifaranga. Watafiti Ephraim na Malah waliyatuliza sana mwaka 1984, kwa hiyo vifaranga leo havina udhuru. Pengo zuri lina mvumo mdogo ulio sawa. Soko linabaki soko, ila limesogea mbali.

Lakini wanachokikosa wanunuzi siku zote ni h. Tamka: atakuja, hatakuja, atalipa, hatalipa. H ni pumzi tu, na kwa chipu pumzi inafanana na kelele. Kifaa kilichosetiwa kwa pupa huifuta, na sehemu kubwa ya ukanushi wetu imebebwa na h hiyo. Mgonjwa anaambiwa daktari hatakuwepo kesho, naye anadamka kumfuata.

Nimemwona muuzaji akifunga dirisha taratibu kabla ya majaribio. Fundi aliyenifundisha alimtoa mteja hadi barabarani, vifodi vikipita, akaficha mdomo kwa kiganja na kumsemesha. Mteja akikosea, wanarudi ndani, anapunguza desibeli chache za ukataji, wanatoka tena. Hata mara tano. Enzi za shimesikio la kisanduku cha kifuani mtu aligeuza gurudumu la sauti mwenyewe. Makelele yalikuwepo, lakini alijichagulia ukubwa wa sauti.

Pale msibani nilimwomba kijana afunike mdomo.

"Babu, mjomba hatakuja."

"Haya," babu akajibu, "basi tumsubiri."