Ngitili: Msitu Uliorudi Bila Kitalu

Kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga, na Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa hoi. Mwalimu Nyerere alipoitembelea mwaka 1984 aliifananisha na jangwa. Vichaka vilifyekwa tangu enzi za Mwingereza kuwafukuza mbung'o, pamba ikafuata, kisha Operesheni Vijiji ikahamisha watu na kuwatenga na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norwei.

Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na miche. Lakini kitalu kinataka maji, na maji ndiyo yaliyokuwa adimu. Mambo yalibadilika pale mradi ulipoiegemea ngitili, desturi ya Wasukuma iliyokuwepo kabla ya mradi wowote. Eneo linafungwa mvua zikianza na mifugo haikanyagi. Nyasi zinakomaa na kukauka zikiwa zimesimama, hadi kiangazi kikali, Julai au Agosti hivi, ndipo linafunguliwa, tena kipande kwa kipande. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai.

Hao maksai ndio kiini cha hesabu yote. Huku watu wengi hulima kwa plau ya ng'ombe. Mvua ikinyesha Novemba, dume aliyekonda hawezi kuivuta kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata. Shamba likichelewa, pamba na mahindi navyo huchelewa. Mkulima anayefunga ngitili Desemba anajiwekea akiba ya nguvu za kulimia msimu ujao, na hiyo ni hoja anayoielewa kuliko semina yoyote ya mazingira.

Miti nayo ilirudi kutoka ardhini. Mgunga uliokatwa huacha kisiki ambacho mizizi yake ingali hai. Ng'ombe wakizuiwa, pembeni mwa kisiki hutoka machipukizi mengi. Mtunzaji hubakiza shina moja au mawili yaliyonyooka, mengine anayapunguza na kupata kuni. Mti wa namna hii hauhitaji kumwagiliwa, maana mizizi ilishafika chini zamani.

Ulinzi haukuachiwa bwana misitu. Kijiji kilitunga sheria ndogo, sungusungu wakakamata mifugo, na mkosaji akatozwa faini mbele ya wenzake. Ngitili zilizoorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika Shinyanga ya wakati ule.

Takwimu hizo zinafunika jambo moja. Kuna ngitili za kijiji na kuna za kaya, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Asiye na kitu hukodi malisho au hununua nyasi. Za kaya zina udhaifu mwingine: baba akifariki, wana hugawana, na kipande cha ekari mbili hakitoshi kulisha maksai kiangazi kizima, kwa hiyo kinalimwa pamba. Za kijiji zina kinga, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kuzitenga rasmi, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kwa za kaya, sheria ndogo ya kijiji ingeweza kuwaruhusu ndugu kurithi ngitili kwa hisa, bila kuweka mipaka mipya ndani yake.