Cheti cha Mimea Kisichodai Mbegu

Kozi fupi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Tel Aviv, ile ya Daniel Chamovitz katika jukwaa la mtandaoni la Coursera, ilikosea pale pale ilipofundisha vizuri kuliko kwingine. Walioifuata wanalikumbuka somo la namna mmea unavyoona: Charles Darwin, mwanawe Francis, na machipukizi ya nyasi yaliyovishwa kofia. Maelezo yalikamilika, yakaja maswali ya kuchagua jibu, kisha somo lingine. Hapo ndipo mwanafunzi alipopaswa kuagizwa azime video akatafute mbegu. Mengine, fitokromu (kipokezi cha mwanga cha mmea) na mwanga mwekundu vikiwemo, yalielezwa barabara.

Lipime jaribio lenyewe. Katika kitabu chao cha mwaka 1880, Darwin na mwanawe walieleza jinsi machipukizi yalivyopinda kuufuata mwanga wa upande mmoja. Yaliyofunikwa ncha kwa kofia isiyopitisha mwanga yalibaki wima. Yaliyovishwa kofia ya kioo angavu yalipinda, na yaliyofunikwa sehemu ya chini, ncha ikiachwa wazi, yalipinda pia. Kwa hiyo ncha ndiyo inayopokea mwanga, na kuna kitu kinachoshuka kutoka huko. Ndiyo njia iliyowapitisha watafiti Boysen Jensen mwaka 1913 na Went mwaka 1928 hadi kwenye auksini, homoni ya ukuaji wa mmea. Nguvu ya hoja yote iko katika kulinganisha makundi. Swali la kuchagua linapima kama mtu anakumbuka neno “ncha”. Halipimi kama ameelewa kwamba bila kofia ya kioo, mpinzani angedai kuwa uzito wa kofia ndio uliozuia mmea kupinda. Jambo hilo humkaa kichwani mtu aliyekata kofia kwa mkono wake, kisha akakuta baadhi ya mimea yake haikufanya kama kitabu kinavyosema na ikambidi atafute sababu.

Watetezi watasema wanafunzi wametapakaa duniani na hawana maabara. Jaribio hili halihitaji maabara: punje za mahindi au ulezi, boksi lililotobolewa upande mmoja, vipande vya karatasi ya foili na vya plastiki angavu, na siku chache za subira. Watasema pia hakuna mwalimu wa kusahihisha kazi za maelfu. Lakini Coursera ina utaratibu wa wanafunzi kusahihishana. Picha mbili na aya moja ya maelezo zingetosha. Kwamba wengine wangedanganya ni kweli, lakini hata majibu ya kuchagua hunakiliwa.

Safu hii haijachoka kulaumu mtihani wa “mbadala wa vitendo” uliowahi kuzifundisha sekondari zetu kwamba sayansi hujibiwa kwa kalamu peke yake. Kosa ni lile lile, limehamia mtandaoni. John Stevens Henslow, aliyemfundisha Darwin botania Cambridge, aliwapa wanafunzi mimea waichambue kwa mikono yao, na baadaye akawafanyisha hivyo hivyo watoto wa shule ya kijiji cha Hitcham. Watoto wale wa karne ya 19 walidaiwa zaidi ya anavyodaiwa leo mtu mzima anayetafuta cheti. Kusikia si kuona. Unayejiandikisha, otesha mbegu kwanza, ndipo ujibu maswali. Na vyuo vinavyotunga kozi kama hizi visitoe cheti cha mimea kwa mtu ambaye hajaotesha hata mmoja.