Kidole Gumba Juu ya Trauti

Nyama ya mbuzi ina subira. Ukiisahau juu ya makaa robo saa, utaitafuna kwa shida lakini utaila. Trauti hana subira hiyo. Dakika chache baada ya kuiva, maji yake yameshatoka, nyama imekauka na kushika ulimi, na malimau yote ya soko la Karatina hayatamrudisha. Kwa hiyo anayemwoka trauti nyumbani na kumtoa akiwa bado na unyevu wake amefanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana mezani. Nataka kuieleza kazi hiyo polepole, jinsi ninavyoiona ikifanywa Kiganjo, Nyeri, na mzee mmoja ambaye mikono yake imeshika samaki tangu ujana.

Kwanza samaki mwenyewe. Mapishi ya salmoni wa kuoka yamezagaa siku hizi, na mtu wa Nyeri akiyasoma hudhani lazima atafute kipande kilichogandishwa, kilichosafiri kutoka Norway hadi Nairobi, kwa bei ya kumkatisha tamaa. Hana haja. Ndugu wa salmoni anaogelea katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Trauti wa upinde, yule mwenye mstari wa waridi ubavuni, alihamishwa na wanasayansi mwaka 1989 na kuwekwa katika jenasi ya salmoni wa Pasifiki, Oncorhynchus. Trauti wa kahawia yumo katika jenasi moja na salmoni wa Atlantiki, Salmo. Jikoni undugu huo unaonekana wazi: mafuta chini ya ngozi, vimiba vyembamba vilivyojipanga ubavuni, nyama inayofunguka kwa matabaka kama kurasa za kitabu, na rangi inayotokana na chakula. Anayekula vidudu vya maji vyenye magamba, au chakula kilichotiwa rangi hiyohiyo ya asili, hupata nyama ya waridi; asiyevipata hubaki mweupe. Anayejua kumwoka mmoja amejua kuwaoka wote wawili.

Samaki hawa si wenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na wakatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde walifuata mwaka 1910, wakitokea Afrika Kusini. Waliowaleta walitaka mchezo wa ndoano. Wenyeji hawakuulizwa, na hata wangeulizwa, katika nyumba nyingi za Wagikuyu wa wakati ule samaki hakuwa chakula cha kufikiriwa. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha serikali cha kuzalisha trauti hapo Kiganjo, na tangu hapo vizazi vya vijana wa Nyeri vimeajiriwa kuwalisha, kuwahesabu na kuwabeba samaki ambao mama zao hawangekubali waingie na harufu yao nyumbani.

Mzee wangu ni mmoja wa vijana hao, ingawa vidimbwi alivyovifanyia kazi vilikuwa vya mtu binafsi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwakamua samaki mayai. Trauti hazai ovyo kwenye kidimbwi. Anataka kijito chenye changarawe na maji yanayokimbia, kwa hiyo mfugaji humsaidia kwa mkono. Jike hushikwa kwa kitambaa chenye maji, kichwa juu, tumbo likielekea beseni, na kidole gumba kinateremka taratibu kutoka chini ya mapezi ya kifua kuelekea mkiani. Mayai ya rangi ya machungwa yanamwagika. Ukibonyeza kidogo mno, hayatoki. Ukizidisha, umemwumiza ndani na mwaka ujao hutakuwa naye. Kisha mbegu za dume zinatiwa juu yake, beseni linakorogwa polepole, na katika maji ya nyuzi 10 mayai hukaa takriban mwezi mzima kabla ya kuanguliwa. Mtu aliyefanya hivyo miaka mingi ana kipimo mkononi ambacho mizani haikijui. Kipimo hicho ndicho anachotumia jikoni, na ndicho nilichokwenda kukitazama.

Huanza na usafi, na hapo haharakishi hata chembe. Magamba ya trauti ni madogo sana, hayahitaji kuparwa, lakini ngozi ina ute mwingi. Yeye hupitisha chumvi ya mkono mmoja kutoka kichwa hadi mkia, anasugua bila kukandamiza, anasuuza, kisha anamfuta kwa kitambaa kikavu, nje na ndani. Baada ya kupasua tumbo na kutoa matumbo, wapishi wengi huishia hapo. Lakini kuna ule utepe mweusi wa damu uliolala kando ya uti wa mgongo, nyuma ya utando mwembamba. Mzee huuchana utando kwa ncha ya kisu, anaingiza ukucha wa kidole gumba, na kuusukuma wote kuelekea mkiani kwa mstari mmoja. Ukiuacha, uchungu wake utaingia kwenye nyama, nawe utalaumu limau.

Mgeni kutoka Mombasa angetarajia amchanje ubavuni, kwa sababu ndivyo samaki wa kupaka anavyotayarishwa: changu au tewa ana nyama nene na imara, na nazi na ukwaju vinahitaji njia ya kuingilia. Trauti wa sahani, mwenye gramu 300 hivi, ni mwembamba, na ngozi yake ndiyo inayomfunika asikauke. Mzee hamchanji. Viungo hupita tumboni, na vichache vinapakwa juu.

Sasa viungo, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kwa wingi wa mapenzi. Chumvi hutangulia peke yake, robo saa. Inavuta maji kidogo juu ya nyama, kisha nyama inayarudisha yakiwa na chumvi, na inakaza kiasi cha kushikana motoni. Ukiruka hatua hii utaona, samaki akiiva, ute mweupe ukichuruzika kati ya matabaka. Ni protini iliyokamuliwa na joto, na kila tone lake ni unyevu uliokuwa uingie mdomoni mwako. Anayeoka kipande cha salmoni ataiona alama hiyo wazi zaidi, kwa sababu nyeupe juu ya waridi haifichiki.

Baada ya chumvi, mzee anamfuta tena na kuchanganya vingine kwenye kibakuli: mafuta vijiko viwili, vitunguu saumu vilivyopondwa kwenye kinu, tangawizi isiyozidi ncha ya kidole, mabua ya dania yaliyokatwa (majani anayaweka kando), pilipili manga, na asali. Limau hukamuliwa mwisho kabisa, akiwa ameshawasha jiko. Nilimwuliza kwa nini asiweke vyote mapema ili vikolee.

"Ukimlaza na limau tangu asubuhi, mwanangu, utamkuta ameshapikwa bila moto," alisema. "Na tangawizi inamla. Utashika ubavu, ukubaki mkononi."

Yuko sahihi kwa yote mawili. Asidi ya limau hufanya kwa protini ya samaki kazi ileile ya joto: ubavu unageuka mweupe, unakaza nje, na ukipelekwa motoni baadaye ni kupika kilichopikwa. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana wapishi huitumia kulainisha nyama ngumu ya ng'ombe. Trauti hana ugumu wa kulainishwa. Nusu saa na mchanganyiko huo inatosha, na katika baridi ya Nyeri si lazima hata friji.

Asali ya msitu wa mlima ina historia yake hapa. Ilikuwa ya muratina, pombe ya asali; ya ruracio, yaani mahari; ya wazee. Haikuwa ya samaki. Mzee huitia nusu kijiko tu kwenye mchanganyiko, na nusu nyingine huihifadhi apake ngozi dakika za mwisho, kwa sababu sukari yake huungua kabla samaki hajaiva. Sijaonja mahali pengine ambapo asali ya giza, yenye ukali kidogo nyuma ya utamu, inakaa vizuri hivyo na mafuta ya trauti. Inaniuma, kwa kweli, kuona katika baadhi ya hoteli za miji hii, Nyeri, Karatina, hata Nanyuki, trauti aliyelelewa zaidi ya mwaka mzima kwenye maji safi akizikwa ndani ya bizari ya pakiti mpaka usijue kama ni yeye au tilapia. Tilapia ana nafasi yake. Vidimbwi vilivyochimbwa sehemu nyingi za nchi kwa mpango wa serikali wa mwaka 2009 vilijaa yeye na kambare, navyo viliwafundisha watu wengi wa mlimani kula samaki. Lakini trauti anataka maji ya nyuzi kati ya 10 na 16 hivi, yenye oksijeni tele, yanayoingia na kutoka usiku na mchana. Aliyegharimu hivyo asifichwe.

Oveni ya mzee ni sufuria nzito. Chini ameweka changarawe ya mtoni iliyooshwa na kukaushwa, juu yake wavu, na mfuniko bapa unaobeba makaa. Ndivyo keki nyingi za Nyeri zilivyookwa kabla ya oveni za gesi kuingia majumbani. Sufuria hupashwa moto kwanza, tupu, mpaka kiganja kisivumilie juu ya mdomo wake. Samaki analazwa kwenye kipande cha jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, mabua ya dania na kipande cha limau vikiwa tumboni, na jani la pili linamfunika. Mwenye oveni aiwashe nyuzi 200 na atumie karatasi ya foili badala ya jani. Dakika 15 hadi 20 kwa samaki mzima wa sahani, pungufu kwa mnofu.

Jani hilo lina kazi kubwa huku kuliko pwani. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Joto la oveni ni lilelile, lakini unyevu wa samaki huanza kutoroka mapema. Aliyechukua mapishi ya Mombasa au ya ng'ambo na kuyafuata kwa saa, bila kufunika, atamkausha samaki na kudhani kosa ni la samaki.

Nilinyoosha mkono nifunue mfuniko kuona.

"Usifunue. Ukifunua umempa baridi, na utamwongezea dakika ambazo hazitaki."

Anafunua mara mbili tu. Mara ya kwanza ni kuondoa jani la juu na kupaka ile asali iliyobaki. Ya pili ni ya kupima, na hapa nilisogea karibu kabisa. Aliweka kidole gumba nyuma ya kichwa, sehemu nene kuliko zote, akateremsha kwa uzito uleule anaoutumia kukamua mayai. Samaki asiyeiva husukuma kidole kirudi. Aliyepitiliza ni mgumu. Huyu alikubali, na chini ya ngozi matabaka yakateleza, moja likiachana na jingine. Kisha akashika pezi la mgongoni na kulivuta. Likatoka lenyewe, na miba yake safi. Makaa yakaondolewa juu na chini, samaki akaachwa dakika tano ndani ya joto lililobaki. Joto hilo linaendelea kupika, kwa hiyo anayengoja mpaka aone samaki ameiva kabisa jikoni atamla akiwa amepitiliza mezani.

Aliliwa na nduma zilizochemshwa, zilizopandwa kwenye bonde la mto, na terere, yaani mchicha, iliyokaangwa kwa kitunguu tu. Kisu kilipita mgongoni, mnofu wa juu ukalazwa kando, uti wote ukainuliwa kutoka mkiani hadi kichwani kwa mara moja, na vimiba vikafuata vyote isipokuwa vichache vya tumboni. Majani ya dania yalinyunyizwa hapo, mabichi. Nyama ilikuwa na unyevu unaong'aa, chumvi ikiwa imefika katikati, limau likisikika mwanzo na kuondoka, asali ikibaki kwenye ngozi.

Mke wa mzee alilelewa katika nyumba ambayo samaki hakuingia mlangoni. Aliniambia kwamba miaka ya mwanzo ya ndoa alikuwa akimpikia mumewe nje, kwa sufuria ya pekee isiyochanganywa na nyingine. Leo yeye ndiye hupewa kichwa. Anakigeuza, anaingiza ncha ya kijiko chini ya jicho na kutoa nyama ya shavu, kipande kisichozidi ukucha, laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya samaki huyo. Kuhusu ngozi hawajawahi kuelewana: mzee anasema ile yenye asali ndiyo tuzo ya mpishi, mama anasema ngozi ya samaki ni ya paka, na wajukuu wanaoila wote wako upande wa babu.