Vipande Tayari na Upatanisho wa Kisarufi katika Kurasa za Masomo

Mwalimu wa chuo afundishaye kwa njia ya intaneti amepewa kazi ambayo zamani ilikuwa ya mpiga chapa. Yampasa kuchagua ukubwa wa herufi, kupima nafasi, kutenga kichwa cha somo na mwili wake, na kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea. Ni wachache waliofunzwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo wengi wamekimbilia vipande vilivyokwisha kutayarishwa na mafundi wengine: kadi, visanduku vya onyo, vichupo, lebo za rangi, na visanduku vya kufunua na kufunika. Mwalimu hunakili kipande, akaondoa maneno ya mfano yaliyomo, akatia yake.

Historia ya jambo hili si ndefu. Moodle, programu itumiwayo na vyuo vingi kwa kuwekea masomo, ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Bootstrap, ambayo ni ghala la vipande tayari, ilitungwa na Mark Otto na Jacob Thornton katika kampuni ya Twitter, ikatolewa bure kwa watu wote mwaka 2011. Vitu hivi viwili vilikaribiana sana mwaka 2016, toleo la 3.2 la Moodle lilipokuja na sura iitwayo Boost, iliyojengwa juu ya Bootstrap. Tangu hapo mwalimu hahitaji kumwita fundi. Vipande vimo ndani ya ukurasa wake mwenyewe, naye akijua kuviita kwa majina yao vitatokea.

Faida yake haina ubishi. Somo la majuma 15 lililoandikwa kwa mfululizo mmoja humchosha mwanafunzi asomaye kwa simu. Hupandisha na kuteremsha kidole, na tarehe ya kuwasilisha kazi humpita bila kuiona. Somo hilo hilo likigawanywa katika kadi, na tarehe ikawekwa katika kisanduku chake, husomeka kwa amani. Wanaodharau vipande hivi kuwa ni mapambo tu yawapasa kulitazama somo lisilo navyo.

Walakini liko jambo ambalo wasifu wa vipande hivi hawalitaji, nalo lawahusu hasa wenye kuandika kwa Kiswahili. Kipande tayari si umbo tupu. Kimekatwa kwa kipimo cha lugha ya aliyekitunga, na lugha hiyo ni Kiingereza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni lebo, yaani kijitepe chenye neno moja kibandikwacho kando ya kichwa cha jambo ili kulitangaza kuwa ni geni. Katika Kiingereza neno hilo ni moja kwa vitu vyote, wala halijali kimesimama kando ya nini. Katika Kiswahili shina -pya halisemeki mpaka lijue linafuatana na nani. Somo ni jipya, kitabu ni kipya, masomo ni mapya, vitabu ni vipya, mitihani ni mipya, walimu ni wapya. Na ukiongeza papya, kupya na mpya yenyewe, maumbo yanatimia 9. Mfasiri aliyepewa nafasi ya neno moja huandika "Mpya", na lebo hiyo moja hubandikwa kila mahali. Kwa bahati mbaya umbo hilo ndilo lifaalo mara nyingi: kazi mpya, mada mpya, video mpya, ukurasa mpya, mtihani mpya, zote ni sahihi. Ndiyo maana kosa hukaa muda mrefu bila kuonekana, mpaka lebo isimame kando ya "Zoezi la 4" au "Swali la juma", ambapo inasomeka kama Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana.

Pengine mtu atasema kwamba lebo ni alama tu, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayepotea kwa kukosa kiambishi. Katika kozi ya hisabati au ya kilimo hoja hiyo ina nguvu, na kuigombania sana kungekuwa ushupavu. Lakini katika kozi ya Kiswahili chenyewe neno hilo si dogo. Mwanafunzi wa kigeni anayejifunza ngeli hutumia saa nyingi akikariri kwamba swali huchukua ji-, kisha kila siku afunguapo ukurasa huona juu ya swali neno "Mpya" katika rangi ya kijani. Kitu asomacho mara mia bila kukusudia humwingia zaidi ya kanuni aliyoikariri mara moja. Ukurasa umegeuka mwalimu wa pili, naye anampinga wa kwanza.

Dawa haimo katika kuviacha vipande, bali katika kuchagua maneno. Kiswahili kina sifa nyingi zisizokubali viambishi vya ngeli, na nyingi kati ya hizo zimetoka katika Kiarabu: muhimu, rahisi, maalumu, sahihi, kamili. Kina pia maneno kama tayari, bado, lazima na hiari, ambayo hukaa peke yake pasipo kuudhi sikio. Zoezi muhimu, kitabu muhimu, mitihani muhimu: neno halibadiliki. Haya ndiyo yanayofaa kuwekwa katika lebo, na ni ajabu kwamba waandishi wa kurasa hawayatumii inavyostahili, ilhali yangewaondolea taabu yote. Penye "imekamilika", ambayo italazimika kuwa limekamilika kwa zoezi na kimekamilika kwa kitabu, neno tayari latosha. Kwa -pya hakuna badala iliyo nyepesi. Huko yafaa ama kuliandika jina lenyewe pamoja na sifa yake, "Zoezi jipya", na kuipanua lebo ikabidi, ama kuiondoa kabisa na kuweka tarehe. Tarehe humfaa mwanafunzi zaidi, maana kilicho kipya leo kitabaki na lebo yake hata baada ya mwezi, kwa kuwa aghalabu hakuna akumbukaye kuibandua.

Taabu hiyo hiyo iko katika kitufe cha kuchagua vitu vyote, ambacho kwa kozi chapasa kuwa zote, kwa masomo yote, kwa vitabu vyote. Iko pia katika sentensi zilizoachiwa tundu la tarakimu: "Zimebaki siku 3" ni sawa, lakini tarakimu ikishuka kuwa 1 kitenzi chapaswa kuwa imebaki, ijapokuwa jina siku halikubadilika hata herufi moja.

Jambo jingine ni kukatwa kwa vichwa vya habari. Kadi nyingi zimewekewa kanuni kwamba kichwa kikizidi upana, mwisho wake ufichwe na nukta tatu. Aliyeifikiria kanuni hiyo aliandika lugha ambamo neno la kupambanua hutangulia jina, na hivyo kikatwapo kichwa, linalobaki ndilo linalotofautisha. Kiswahili hutanguliza jina na kulifuatisha sifa zake. Kwa hiyo "Utangulizi wa Fasihi Simulizi" na "Utangulizi wa Fasihi Andishi" zikikatwa katika skrini ya simu huwa kitu kimoja, "Utangulizi wa Fasihi…", na mwanafunzi hubonyeza kwa kubahatisha. Mwandishi wa ukurasa aweza kugeuza mpango na kuandika "Fasihi Simulizi: Utangulizi", lakini ni afadhali aiondoe kanuni ya kukata, kichwa kikaendelea katika mstari wa pili.

Safu nyembamba nazo zina hatari yao. Bootstrap huugawa upana wa ukurasa katika sehemu 12, na mwalimu hupenda kuweka kadi tatu au nne kwa safu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda, wakati, urejeshi na mtendwa. "Watakapoyawasilisha" ni neno moja la herufi 19, ambalo Kiingereza kingelisambaza katika maneno kadhaa na kupata nafasi za kukunjia mstari kati yake. Palipo na ruhusa ya kukata neno popote, mkato huangukia katikati ya sh au ng', na silabi ya Kiswahili, iliyozoea kuishia na irabu, huvunjwa vibaya. Kadi mbili kwa safu hutosha.

Yafaa kukumbuka kwamba Waswahili wanalo umbo tayari la zamani ambalo halina kasoro hii. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mahali pa kila kimoja pamekwisha kuamuliwa kabla mchoraji hajashika kalamu. Hata hivyo kisanduku cha jina kilitengwa kwa ajili ya usemi uliotimia, wenye viambishi vyake vyote, wala si kwa sifa iliyong'olewa katika sentensi. Umbo lilifuata lugha.

Kuhusu rangi si lazima kurefusha maneno. Kanuni za WCAG 2.0, zilizotolewa mwaka 2008, zimeagiza kwamba rangi isiwe njia pekee ya kueleza jambo, na kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi meupe juu ya manjano hayafiki hapo, wala hakuna haja ya kuyatetea.

Lililo zito zaidi halionekani kwa macho. Programu zinazomsomea kipofu ukurasa kwa sauti hutazama alama ya lugha iliyotiwa katika ukurasa. Ikiwa mazingira ya kozi yamewekwa kwa Kiingereza, Kiswahili chote kilichomo chaweza kutamkwa kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji asiambue kitu. Mwalimu aweza kuyazungushia maandishi yake alama ya sw, ambayo ndiyo herufi mbili za Kiswahili katika orodha ya kimataifa, na tatizo likapungua sana. Lakini vipande vilivyonakiliwa huja na maneno mengine yaliyofichwa, yaliyokusudiwa masikio tu. Kisanduku cha onyo, mathalani, kina kitufe cha kukifunga chenye alama ya msalaba kwa wenye macho, na nyuma ya alama hiyo mna neno la Kiingereza kwa wasioona. Mwalimu hufasiri kila kitu akionacho katika kisanduku na kuridhika kwamba kazi imekwisha, ilhali mwanafunzi kipofu husikia sentensi ya Kiswahili ikifuatiwa na neno la lugha nyingine. Kusahihisha kwa jicho hakuwezi kulifichua neno hilo. Ukurasa wapaswa kusikilizwa mara moja mpaka mwisho, kabla haujafunguliwa kwa wanafunzi.