Baraza za Brisbane: Jinsi Sumu ya Rangi Ilivyofumaniwa

Katika mwaka 1892 matabibu wa mji wa Brisbane, katika jimbo la Queensland huko Australia, walitangaza kwamba miongoni mwa watoto walioletwa hospitalini, wengine wakisokotwa na matumbo, wengine wamelegea viungo, na wengine wakitingishwa na degedege, walikuwamo waliodhuriwa na madini ya risasi. Na khabari hiyo ilikuwa ngeni, kwa kuwa maradhi hayo yalijulikana kuwa ya wapaka rangi na wafua madini, watu wazima walioyapata kazini. Tabibu A. Jefferis Turner, aliyewauguza wengi wao, alitambua ya kuwa sumu hii inafungamana na nyumba anayokaa mtoto. Lakini ni kitu gani hasa ndani ya nyumba, hilo halikubainika mpaka ilipopita miaka 12.

Aliyelibainisha ni John Lockhart Gibson, tabibu wa macho, aliyekuwa akiletewa watoto waliopata makengeza ya ghafla, au ambao mishipa yao ya kuonea ilikuwa imevimba kwa ajili ya risasi. Shuku za watu zilikuwa zimeelekea kwenye matangi ya maji ya mvua. Walakini maji ya tangi hunywewa na baba, na mama, na mtumishi wa nyumba, ilhali walioanguka ni wadogo. Basi haina budi sumu iwe mahali ambapo mkono wa mtoto hufika kila siku na kutoka hapo ukaenda kinywani. Katika makala yake ya mwaka 1904 Gibson aliitaja bila ya kuuma maneno: ni rangi ya vizuizi vya mbao vya baraza na ya kuta za vyumba.

Nyumba za Queensland zilijengwa kwa mbao, zikainuliwa juu ya nguzo, na kuzungushiwa baraza pana ambako watoto walishinda kutwa wakikimbia joto. Mbao hizo zilipakwa risasi nyeupe iliyokorogwa kwa mafuta ya kitani. Mafuta ndiyo yanayoishika rangi isitoke. Na jua kali linapoyala mwaka hata mwaka, rangi hubaki juu ya ubao kama unga, hata ukipitisha kidole juu yake kidole hutoka cheupe. Unga huo, ukiingia tumboni, huyeyushwa na asidi iliyomo. Na mwili wa mtoto mchanga huweza kuifyonza yapata nusu ya risasi aliyoimeza, ambapo mwili wa mtu mzima hufyonza sehemu moja katika kumi. Ndiyo maana wanaonyonya vidole na kuuma kucha walikuwa wa mbele katika orodha ya wagonjwa.

Kilichofuata chanifanya niwaheshimu sana watu wa jimbo lile, kwani sheria yao ya mwaka 1922 ilipimwa kwa kimo cha mtoto: ilikataza kutumia rangi yenye zaidi ya sehemu 5 katika 100 za risasi inayoyeyuka, upande wa nje wa majengo, kwa kiasi cha futi 4 kutoka sakafuni au ardhini. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kuwa iliwaangalia wapakaji wa kesho, na rangi iliyokwisha kukauka juu ya mbao za jana ikaachwa pale pale. Na madhara yalikuwa na umri mrefu: katika miaka ya 1950 tabibu D. A. Henderson aliwafuatilia watu waliotiwa sumu hiyo utotoni mwao, akakuta wengi wamekufa mapema kwa maradhi ya figo.

Rangi kongwe, basi, ndiyo kazi iliyobaki, na fundi asiye na hadhari huweza kuigeuza kuwa balaa kwa siku moja. Akiipiga msasa ikiwa kavu, huijaza nyumba vumbi lisiloonekana. Akiichoma kwa moto ili ibanduke, hupandisha mvuke wa sumu. Njia iliyo salama ni kuwahamisha watoto na mama wajawazito, kutandika nailoni nene sakafuni, kuulowesha ubao kabla ya kuukwangua, kisha kudeki kwa maji na sabuni, si kufagia. Marekani, iliyopiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, tangu mwaka 2010 huwalazimisha mafundi wanaolipwa kutengeneza nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 wawe wamefunzwa taratibu hizi. Nami ningemshauri mwenye nyumba aanze na madirisha ya kupandisha na kushusha, kwa sababu kila yanapofunguliwa mbao husuguana, na vumbi jipya huanguka kwenye kizingiti, mahali ambapo mtoto anayejifunza kusimama huweka mikono yake yote miwili.